Mwinuko wa ardhi na usomaji wa daino kwa magari ya tabo

Daino ni mashine ya kupimia nguvu ya gari. Magurudumu yanayosukuma gari huwekwa juu ya rola, dereva hukanyaga mafuta hadi mwisho, na kompyuta hukokotoa torki na nguvu za farasi. Namba inayotoka kwenye karatasi mara nyingi si ile iliyopimwa. Imeshazidishwa kwa kigezo cha kusawazisha hali ya hewa. Gari la tabo lililotyuniwa likipimwa nyanda za juu, kigezo hicho huweza kulipa nguvu ambazo halina.

Misigiri, njiapanda ya kwenda Kiomboi kwenye barabara kuu ya Singida hadi Nzega, ni mfano mzuri wa mazingira hayo, ingawa inajulikana kwa malori na mabasi kuliko kwa daino. Iko juu ya uwanda wa Iramba, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari; mbele yake barabara huteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui na mbuga za Wembere. Dar es Salaam mgandamizo wa hewa ni kama kilopaskali 101. Kwenye mwinuko wa Misigiri hubaki kama 85. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, asilimia 21, ila kila lita ya hewa imebeba kidogo. Injini isiyo na tabo hupoteza hapo takriban asilimia 16 ya pumzi yake, na nguvu huifuata.

Tabo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, ni habari nyingine, na jibu linategemea nani anaamua kiasi cha busti, yaani mgandamizo ambao tabo huongeza. Kwenye mifumo ya zamani, au ile ambayo fundi ameondoa udhibiti wa kompyuta, kilango cha kupunguza moshi hufunguliwa na springi inayolinganisha busti na hewa ya nje. Tuseme springi imewekwa kilopaskali 70, yaani kama paundi 10 kwenye geji. Dar es Salaam manifodi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, itapata jumla ya 171. Misigiri itapata 155, pungufu ya asilimia 9 hivi. Geji kwenye dashibodi itaonyesha paundi 10 kote kuwili, na ndiyo maana geji ya aina hiyo haifai kuwa shahidi katika ubishi wa nguvu.

Magari mengi ya siku hizi yana sensa inayosoma mgandamizo kamili wa manifodi. Kompyuta ikiambiwa itafute 171, itafunga kilango na kuizungusha tabo kwa kasi zaidi hadi ipate 171, uwe baharini au Iramba. Nguvu hubaki karibu ileile, lakini si bure. Dar es Salaam tabo ilikuwa ikizidisha mgandamizo wa hewa kwa 1.7, Misigiri inauzidisha mara mbili. Hewa inatoka ikiwa ya moto zaidi, na intakula, kipoza cha hewa hiyo, inapozwa na upepo mwembamba. Tabo ndogo iliyokwisha kusukumwa karibu na kikomo chake na fundi wa mjini haina akiba ya kufanya kazi hiyo. Pia busti huchelewa kupanda, hivyo mchoro wa torki husogea kwenye mizunguko ya juu. Kwenye daino ya rola nzito zisizo na breki, ambako jaribio huisha kwa sekunde chache, uchelewaji huo huonekana wazi.

Sasa kigezo. Kanuni ya SAE J1349, inayotumika sana kwenye daino za gereji, hurudisha matokeo kwenye hewa kavu ya kilopaskali 99 na joto la nyuzi 25. Kwa Misigiri katika siku ya nyuzi 27, hesabu yake hutoa takriban 1.22. Injini isiyo na tabo inatendewa haki: imepoteza, inarudishiwa. Lakini gari la tabo lililotoa nguvu za farasi 235 kwenye rola, kwa kuwa kompyuta yake ilikwisha fidia hewa nyembamba, litachapishiwa 287. Gari hilohilo Dar es Salaam lingepata 240 na kuandikiwa kama 244. Mwenye gari ataondoka akiamini mlima umemwongezea farasi 40 na zaidi. Kanuni ya ISO 1585 huweka mpaka kwa jambo hili: kwa injini za petroli kigezo hakitakiwi kuzidi 1.07, na kwa dizeli za tabo ina hesabu yake tofauti, iliyo nyepesi zaidi kwa upande wa mgandamizo. Karatasi isiyoonyesha namba ghafi, kigezo, joto na mgandamizo wa siku hiyo haistahili kulinganishwa na nyingine.

Uhusiano wa tabo na milima ni wa zamani. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss alipandisha injini ya ndege ya Liberty hadi mlima Pikes Peak, Marekani, ikiwa juu ya lori. Injini iliyotoa farasi 350 hivi nyanda za chini ilishuka hadi karibu 230 kileleni, na ilipofungwa tabo ikarudi kwenye 350. Afrika Mashariki, Toyota Celica ya tabo ilishinda Safari Rally mara tatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Magari ya leo ya mashindano hayohayo, yanayofanyika Naivasha, karibu mita 1,900, hayana nafuu hiyo yote: pete ya kubana hewa mbele ya tabo, kwenye mizunguko ya juu, hupitisha hewa kulingana na mgandamizo wa nje, kwa hiyo karibu moja ya tano ya nguvu hupotea hata tabo iwe kubwa namna gani.

Hatari kubwa kwa gari la barabarani iko kwenye safari ya kushuka. Gari la springi lililotyuniwa nyanda za juu hadi ukingoni mwa injini kugonga, likifika Dar es Salaam, hupata kilopaskali 16 za ziada ndani ya manifodi bila geji kusogea. Kama ramani ya mafuta na moto haikuandaliwa hadi huko, pistoni ndizo hulipa.