Ajabu za Majina ya Herufi za Kiingereza

Ufuko wa Ziwa Tanganyika wa upande wa Kapalamsenga na Karema, ambao leo umo katika Mkoa wa Katavi, ulifikiwa na herufi za Kirumi mikononi mwa mataifa mbalimbali, na kila taifa lilikuwa na lafudhi yake katika kuzitaja. Wabeljiji wa Mfalme Leopold, waliojenga ngome Karema mwaka 1879, na Mapadre Weupe waliokabidhiwa ngome hiyo mwaka 1885, aghalabu wasemao Kifaransa, herufi ya tatu waliiita “se”. Wadachi waliotawala baadaye wakasema “tse”. Na Waingereza, walioishika nchi baada ya Vita Kuu ya kwanza, wakaja na “si”, nayo ndiyo iliyodumu.

Asili ya yote hayo ni moja. Wagiriki walipokea kwa Wafoinike majina marefu, alfa na beta, ndugu wa alifu na be zinazosomwa vyuoni hata leo. Walakini Warumi waliyaacha, wakaridhika na sauti yenyewe pamoja na irabu ya kuitegemeza: be, de, te. K iliitwa “ka” na Q “ku” kwa kuwa hapo kale K iliandikwa mbele ya a na Q mbele ya u, hali C, iliyoitwa “ke”, ikitangulia e na i.

Ajabu kubwa ilitokea Uingereza kwenyewe. Tangu karne ya 15 hadi ya 18 irabu ndefu za Waingereza zilitaghayari vinywani mwao pasipo mtu kukusudia, na majina ya herufi yakafuata mkondo huo huo: a ikawa “ei”, e ikawa “i”, i ikawa “ai”, na tahajia ikasimama pale pale. Ndiyo sababu mtoto aliyekwisha kukariri a, e, i, o, u, mwalimu wa Kiingereza akimtajia “i” katika imla, huandika I bila shaka yoyote moyoni, kumbe mwalimu amekusudia E.

H nayo yachekesha: jina lake, “echi”, lililopitia kwa Wafaransa, halina sauti ya h hata chembe. W huitwa U mbili ingawa machoni ni V mbili, maana zamani U na V zilikuwa herufi moja.

Amma Kiswahili, Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu huko Unguja, katika kitabu chake cha mwaka 1870 alifuata Kiingereza kwa konsonanti na Kitaliano kwa irabu, nazo irabu za Kitaliano hazikuguswa na mageuzi yale. Basi twasoma kwa kanuni moja na kutaja majina kwa nyingine, wala sioni haja ya kugombana na mazoea hayo: chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977, TANU na ASP zilipoungana, huitwa Sisiemu huko Mpanda kama Unguja, na C zake mbili ni za “Chama” na “Cha”.