Utu Uzima kwa Njia ya Kusoma: Vijana wa Kiyahudi wa Mbale

Kila jamii ina njia yake ya kumtoa mtoto utotoni. Katika nchi ya Wagisu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon mashariki ya Uganda, njia hiyo ni imbalu. Vijana hutahiriwa hadharani katika miaka ya shufwa, nao hutakiwa kusimama wima bila kuonyesha woga. Astahimiliye huhesabiwa mwanamume.

Karibu na mji wa Mbale, katika nchi hiyohiyo, ipo jamii ndogo ya Waafrika walio Wayahudi, iitwayo Abayudaya. Mwasisi wake alikuwa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kabla ya kufarakana nao. Mwaka 1919 aliamua kushika agizo la Torati juu ya tohara, akatahiriwa yeye na wanawe. Kwa agizo hilo, mtoto wa kiume hutahiriwa siku ya nane baada ya kuzaliwa. Basi kisu hupita kabla mtoto hajajua kusema. Je, utu uzima wake uthibitishwe kwa nini?

Desturi ya Wayahudi hujibu: kwa kusoma. Mvulana atimizapo miaka 13 huwa bar mitzva, yaani mwana wa amri, akaitwa kusoma Torati mbele ya watu. Walimu wa lugha watatambua uzito wa jambo hili wakikumbuka kwamba gombo la Torati huandikwa kwa konsonanti, bila alama za irabu wala za mahadhi. Halisomeki kwa kubahatisha. Sharti awepo aliyemfundisha msomaji. Ndiyo maana kijana huwashukuru wazazi na walimu wake siku hiyo. Shukrani hizo si adabu ya karamu tu, bali ni kukiri deni.

Huko Mbale deni hilo lilikuwa zito zaidi. Mtoto wa Gisenyi, nchini Rwanda, aweza kukisikia Kiswahili sokoni na kwenye mpaka wa Goma kabla mwalimu hajafungua kitabu. Kiebrania hakikuwa lugha ya soko lolote la Mbale. Mwaka 1920 Myahudi mgeni aitwaye Yosef alikaa na jamii hiyo kwa miezi kadhaa, akawafundisha sikukuu na sheria za vyakula, kisha akaenda zake. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Tangu hapo elimu ile ilitunzwa na wazee na familia.

Mtihani mkubwa ulikuja katika utawala wa Idi Amin (1971–1979), dini hiyo ilipopigwa marufuku. Wengi waliiacha, waliobaki walisali kwa siri. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndipo Pasaka ya Kiyahudi ilipoingia. Katika miaka ya 1980 vijana waliolelewa na wazee wale ndio walioihuisha jamii. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea urabi huko Los Angeles, akatawazwa mwaka 2008, akarudi Mbale kufundisha.

Toka masomo ya Yosef hadi Pasaka ile ilipita miaka 59. Yafaa sisi walimu tulikumbuke jambo hili tunapodhani kwamba muda tuliopewa na wanafunzi wetu ni mfupi mno. Mwalimu hupanda, jamaa za mtoto ndizo zinazopalilia.