Ardhi na Mizani: Mabadiliko ya Uungaji wa Antena katika Redio ya Ridhaa

Insha hii inajadili namna wanaredio wa ridhaa walivyopunguza kuitegemea ardhi kama sehemu ya antena zao. Hoja kuu ni kwamba ardhi ilitwikwa kazi mbili, yaani kurejesha mkondo wa redio na kulinda mtambo, na kwamba maendeleo yalipatikana kazi hizo zilipotenganishwa.

Heinrich Hertz, aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ya redio huko Karlsruhe, Ujerumani, alitumia antena yenye nusu mbili zinazolingana. Antena hiyo haikuhitaji ardhi. Mwaka 1895, karibu na Bologna, Italia, Guglielmo Marconi aliinua upande mmoja hewani na kuuunga wa pili na ardhi. Umbali wa mawasiliano uliongezeka, na mtindo huo ukaenea. Kwa mawimbi marefu ya wakati huo, antena ya nusu mbili ingekuwa kubwa kupita kiasi.

Hata hivyo, udongo si shaba. Mkondo unaopita humo hukutana na ukinzani, na sehemu ya nguvu hugeuka joto badala ya kwenda hewani. Hasara hiyo iliwaumiza hasa wanaredio wa ridhaa wa Marekani, kwani sheria ya mwaka 1912 iliwabana katika mawimbi yasiyozidi mita 200 na nguvu isiyozidi kilowati 1. Asiyeruhusiwa kuongeza nguvu hana budi kuziba panapovuja.

Jibu mojawapo lilionekana Desemba 1921. Wanachama wa Radio Club of America, akiwamo Edwin Armstrong, walijenga kituo cha 1BCG huko Greenwich, Connecticut. Chini ya antena walitandaza nyaya mfano wa miale ya jua, zikiwa zimeinuliwa bila kugusa udongo, ili mkondo urejee kwa njia hizo. Paul Godley, akiwa Ardrossan, Scotland, alizipokea ishara zao. Nyaya hizo hazikuwa sababu pekee: kituo kilitumia valvu badala ya cheche, na Godley alikuwa na kipokezi bora.

Mawasiliano ya pande mbili kuvuka Atlantiki yalifuata Novemba 1923, kwa mawimbi ya takriban mita 100. Kadiri mawimbi yalivyofupishwa, antena ya nusu mbili iliwezekana hata uani: kwa wimbi la mita 40, waya wa mita 20 hivi hutosha. Sharti lake ni mizani. Mikondo ya nyaya mbili za kuilisha antena ikilingana na kuelekeana kinyume, nyaya hizo hazirushi mawimbi. Isipolingana, nishati hurudi hadi chumba cha mtambo.

Kwa hiyo, mizani iliiondolea ardhi kazi ya kurejesha mkondo katika antena za aina hiyo. Haikuiondolea kazi ya ulinzi: radi haijali mizani ya antena, na mtambo usioungwa na ardhi humweka mwendeshaji hatarini.