Mnara wa Mosul na Ufa Usiozibwa

Kwa zaidi ya miaka mia nane mji wa Mosul, kaskazini mwa Iraki, ulikuwa na mnara uliopinda. Ulikuwa mnara wa msikiti uliojengwa kwa amri ya Nur al-Din Zangi mwaka 1172, wa matofali yaliyopangwa kwa nakshi, wenye urefu wa mita 45 hivi. Ulianza kuinama zamani mno, hata wenyeji wakauita al-Hadba, yaani Kibyongo. Waislamu wa mji walisimulia kwamba uliinama kwa heshima ya Mtume usiku wa Miraji. Majirani zao Wakristo wakasema la, unainamia upande liliko kaburi la Bibi Mariamu. Masimulizi hayo hayana ushahidi wa kitarehe, lakini ni ushahidi wa jambo jingine: kwamba watu wa imani mbili waliweza kuutazama mnara mmoja, kila mtu akaupa maana yake, na jioni wakarudi mji mmoja kulala.

Usiku wa tarehe 21 Juni 2017, katika kumi la mwisho la Ramadhani, mnara huo uliangushwa kwa baruti. Waliouangusha ni wapiganaji waliojiita Dola ya Kiislamu. Miaka mitatu kabla yake, kiongozi wao Abu Bakr al-Baghdadi alipanda mimbari ya msikiti huohuo, akawataka Waislamu wa dunia nzima wamtii kama khalifa. Ni rahisi kuisimulia habari hii kama hadithi ya waovu waliotoka jangwani wakaja wema kuwafukuza. Waovu walikuwa waovu kweli, na hilo halina mjadala. Lakini mji wa watu zaidi ya milioni moja hauanguki kwa uovu wa adui peke yake. Wahenga walitwambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Vita vya Iraki ni tafsiri ndefu ya methali hiyo, tafsiri iliyoandikwa kwa damu.

Ufa wenyewe ulianzia wapi? Si kweli kwamba Masuni na Mashia wa Iraki wamekuwa wakichinjana bila kupumua tangu siku ya Karbala. Yako makabila makubwa, kama Shammar na Jubur, yenye watu wa madhehebu yote mawili, na katika Baghdad ndoa za Msuni na Mshia zilikuwa jambo la kawaida. Wala si kweli kwamba nchi ilikuwa shwari mpaka mgeni alipobisha hodi. Utawala wa Saddam Hussein uliwaangamiza Wakurdi kwa maelfu katika kampeni ya Anfal ya mwaka 1988, na mwaka 1991 ukauzima kwa ukatili uasi wa Mashia wa kusini. Uchungu ulikuwamo; ulifunikwa kwa hofu, nayo hofu si dawa ya ufa.

Machi 2003 Marekani na Uingereza zikaivamia nchi, na tarehe 9 Aprili Baghdad ikaanguka. Mwezi wa Mei, Paul Bremer, msimamizi aliyetumwa kutoka Washington, alitia saini amri mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza iliwaondoa kazini wanachama wa ngazi za juu wa chama cha Baath. Ya pili ililivunja jeshi. Laki kadhaa za wanaume waliozoea bunduki wakarudi majumbani bila mshahara wala heshima. Julai likaundwa Baraza la Utawala la watu 25: Mashia 13, Masuni wa Kiarabu 5, Wakurdi 5, Mturkmeni mmoja na Mwashuri mmoja. Hesabu hiyo ilionekana kuwa ya haki, kwani kila kundi lilipata fungu lake. Lakini tangu siku ile, aliyetaka cheo alijifunza kwamba swali la kwanza si ataifanyia nini nchi, bali yeye ni wa kundi gani. Mgeni hakuupasua ukuta. Aliukuta na ufa, akaupima, akauchorea ramani, kisha akajenga serikali juu yake.

Yuko mtu mwingine aliyeuona ufa huo, na akaupenda. Abu Musab al-Zarqawi, mzaliwa wa Jordan, alieleza mkakati wake katika barua iliyonaswa mwanzoni mwa mwaka 2004. Alitaka Mashia wapigwe katika sala zao na ziara zao mpaka walipize kisasi, ili Masuni nao, kwa kuogopa kisasi hicho, wakimbilie chini ya bendera yake. Tarehe 22 Februari 2006 kuba la dhahabu la kaburi la Maimamu wa Samarra likalipuliwa, na jambo alilolitamani likawa. Maiti zikaokotwa mitaani kila asubuhi, na watu wakauawa kwa sababu ya jina tu, kwani Omar alijulikana ni wa wapi na Abdul-Hussein ni wa wapi. Zarqawi aliuawa kwa bomu la Kimarekani Juni mwaka huohuo, lakini moto aliouwasha haukumhitaji tena.

Wapenzi wa mashairi wataikumbuka tarehe 5 Machi 2007. Siku hiyo gari lililojaa mabomu lililipuka katika mtaa wa wauza vitabu wa Baghdad, unaoitwa kwa jina la al-Mutanabbi, mshairi mkubwa wa karne ya 10. Watu zaidi ya 25 wakauawa, na mkahawa wa Shabandar, kikao cha washairi na wasomi kwa miongo mingi, ukateketea. Katika mkahawa ule hakuna aliyeulizwa dhehebu lake kabla ya kuulizwa beti zake. Mahali pa namna hiyo ni kizuizi kwa anayetaka watu watengane.

Mwezi uliofuata ile methali ikawa kweli kwa maana yake ya wazi kabisa. Askari wa Marekani walianza kujenga ukuta wa zege kuuzunguka mtaa wa Adhamiya, wa Masuni, ili kuwatenga na mitaa ya Mashia. Wakazi wakaandamana kuupinga. Ng'ambo ya mto Tigris, mkabala na Adhamiya, upo mtaa wa Kadhimiya wenye kaburi la Imamu Musa al-Kadhim, na baina yao lipo daraja la Maimamu. Tarehe 31 Agosti 2005 mahujaji wa Kishia walikanyagana darajani kwa taharuki ya uvumi wa mshambuliaji wa kujitoa mhanga, na zaidi ya 900 wakafa. Siku ile kijana wa Kisuni wa Adhamiya alijitosa mtoni, akawaokoa watu kadhaa mmoja baada ya mwingine, na mwisho akazama yeye mwenyewe. Waliojenga ukuta walikuwa na hoja za kiusalama, na hoja hizo hazikuwa za uongo. Lakini yule kijana alikuwa na hoja pia, na yake haikuhitaji zege.

Fursa ya kuuziba ufa ilikuja, nayo ikaletwa na Wairaki wenyewe. Septemba 2006 masheikh wa mkoa wa Anbar, wakiongozwa na Abdul Sattar Abu Risha, walisimama dhidi ya al-Qaida, kundi ambalo liliwaua wazee wao na kuwatawala vijana wao. Harakati hiyo ikaitwa Sahwa, yaani Mwamko. Marekani ikawalipa mishahara na kuongeza askari wake, na kufikia mwaka 2008 watu wa Sahwa walikuwa karibu laki moja. Mauaji yakapungua kwa kiasi kikubwa. Serikali ya Nouri al-Maliki, iliyoongozwa na vyama vya Kishia, iliahidi kumwingiza mmoja katika kila watano wao kwenye vyombo vya usalama na kuwatafutia wengine kazi. Ahadi ilitekelezwa nusunusu. Wengine walikamatwa; wengine waliachwa mikono mitupu mbele ya adui waliyemwasi.

Askari wa mwisho wa Marekani waliondoka tarehe 18 Desemba 2011. Siku iliyofuata ikatolewa hati ya kumkamata Makamu wa Rais, Tariq al-Hashimi, Msuni. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2012 maelfu ya Masuni waliandamana kwa mwaka mzima wakidai wafungwa wao na haki zao. Aprili 2013, kule Hawija, majeshi yakavamia kambi ya waandamanaji na makumi ya watu wakauawa. Hapo ndipo waliokuwa wamejificha majangwani waliposikia mlango ukifunguliwa.

Mosul ilianguka tarehe 10 Juni 2014, baada ya siku nne za mapigano. Washambuliaji walikadiriwa kuwa kama 1,500. Walinzi, kwa mujibu wa daftari, walikuwa makumi ya maelfu. Lakini daftari lilisema uongo. Mwishoni mwa mwaka huo Waziri Mkuu mpya, Haider al-Abadi, alitangaza kwamba katika jeshi wamegunduliwa askari hewa 50,000, majina yaliyopokea mishahara bila ya miili. Na hao waliokuwako kwa miili walionekana na wakazi wengi kuwa jeshi la kigeni ndani ya mji wao, linalokamata na kutoza kwenye vizuizi vya barabarani. Baadhi ya watu waliwapokea wapiganaji kwa matumaini. Wengi zaidi hawakuwapokea wala hawakuwazuia. Walikaa ndani wakasubiri. Huo ndio ufa.

Walichokipata si uhuru. Herufi ya nuun ikaandikwa kwenye nyumba za Wakristo, nao wakapewa muda wasilimu, watoe jizya, wahame au wauawe. Wakahama, baada ya karne nyingi. Kaburi la Nabii Yunus likalipuliwa Julai 2014. Agosti, katika wilaya ya Sinjar, wanaume wa Kiyazidi wakauawa na wanawake wakauzwa kama watumwa. Karibu na Tikrit vijana wa Kishia wa kambi ya Speicher walipigwa risasi kwa mamia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Mosul ikaungua. Masuni, waliosemwa kuwa ndio wanaotetewa, walichapwa, wakauawa, na mwishoni wakafanywa ngao.

Kuwatoa wapiganaji hao kulihitaji mikono isiyopatana. Tarehe 13 Juni 2014 ilisomwa fatwa ya Ayatollah Ali al-Sistani ya kuwataka wananchi wajitolee kuilinda nchi. Makumi ya maelfu wakaitika, wengi wao chini ya wanamgambo wenye mafungamano na Iran. Marekani ikarudi kwa ndege tarehe 8 Agosti, pamoja na washirika wake. Kwa hiyo Iran na Marekani, mahasimu wa miaka mingi, zilipigana upande mmoja bila kukiri, kila moja ikiandaa nafasi yake ya baadaye. Vita vya kuikomboa Mosul vilianza tarehe 17 Oktoba 2016, na ushindi ukatangazwa tarehe 10 Julai 2017. Wanajeshi wa Iraki, Mashia kwa Masuni, walikufa wakivuka mitaa nyumba kwa nyumba, na ushujaa wao haustahili kupunguzwa. Lakini bei yake nayo isifichwe. Uchunguzi wa shirika la habari la Associated Press ulikadiria raia waliokufa kuwa kati ya 9,000 na 11,000, na takriban theluthi moja kati yao waliuawa na silaha za wakombozi. Bomu moja la Kimarekani lililodondoshwa tarehe 17 Machi 2017 katika mtaa wa al-Jadida liliua raia zaidi ya 100 waliojihifadhi ndani ya jengo moja. Mji wa kale, ng'ambo ya magharibi ya mto, ukawa kifusi.

Msomaji wa visiwani anaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini? Babu zetu waliijua nchi hiyo kwa ladha yake: majahazi ya Ghuba yalishuka na kaskazi yakileta tende za Basra, na yakarudi na kusi yakibeba boriti za Lamu na Rufiji. Ibn Battuta, aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa amekwisha kuizuru Mosul. Lakini yako ya karibu zaidi. Oktoba 2017, miezi mitatu tu baada ya ushindi wa Mosul, wapiganaji waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kwa ndugu zetu wanaosema Kimwani na Kiswahili. Baadaye wakajiunga na ileile Dola ya Kiislamu, na Agosti 2020 wakauteka mji. Hapo pia palikuwa na vijana waliojiona wamesahauliwa na serikali iliyo mbali; na hapo pia, mwaka 2021, yakaja majeshi ya nje, ya Rwanda na ya nchi za Kusini mwa Afrika, kuwatoa. Bendera imesafiri, lakini mlango ilioingilia ni uleule.

Mnara wa Mosul umesimama tena. Shirika la UNESCO, kwa fedha za Falme za Kiarabu, liliujenga upya msikiti na mnara wake, na pamoja nao, kwa fedha za Falme hizo na za Umoja wa Ulaya, makanisa ya jirani. Septemba 2025 ulizinduliwa rasmi. Mafundi walichambua kifusi, wakatumia tena maelfu ya matofali ya zamani, na wakauacha umeinama kama wenyeji walivyouzoea. Kazi hiyo ilipokuwa ikiendelea, Juni 2024, ndani ya ukuta wa ukumbi wa sala yaligunduliwa mabomu matano makubwa, yaliyofichwa na kusakafiwa yasionekane, yakisubiri. Vita vilikuwa vimekwisha kutangazwa kuwa vimemalizika kwa miaka saba.

Mabomu hayo hayakutolewa kwa ndege wala kwa zege zaidi. Yalitolewa na watu waliousogelea ukuta, wakautazama vizuri, na wakathubutu kuufungua taratibu kwa mikono yao.