Mshahara walioomba hawa, wakalipwa wale

Vijana wa Kenya wakiitwa uwanjani kusajiliwa polisi, hukaguliwa meno, hupimwa urefu, kisha hukimbizwa. Foleni huwa ndefu. Ndiyo maana kila nyongeza ya mishahara ya polisi inapotajwa, hawakosi wanaouliza: kama wanaoitaka kazi ni wengi hivi, nyongeza ya nini? Swali hilo lilijibiwa Boston, Marekani, mwaka 1919, tena kwa gharama kubwa.

Askari wa Boston wa siku hizo alifanya kazi saa 75 hadi 90 kwa wiki. Sare alijinunulia. Vituo alimolala vilikuwa vichafu, panya na wadudu ndio wenyeji. Kati ya mwaka 1913 na Mei 1919 gharama za maisha zilipanda kwa asilimia 76. Mshahara wake ulipanda kwa asilimia 18.

Baada ya kulalamika bila kusikilizwa, Agosti 1919 askari hao walijiunga na AFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Kamishna Edwin Curtis akawaka. Kwake, askari mwenye chama hakuwa askari tena, na Septemba 8 akawasimamisha kazi viongozi wao 19. Meya Andrew Peters alikuwa ameunda kamati chini ya James Storrow, tajiri wa benki, nayo ikaja na mapatano: chama kibaki lakini kiachane na AFL, na suala la mishahara lizungumzwe. Curtis akayatupilia mbali. Meya hakuwa na la kumfanya, maana kamishna aliteuliwa na gavana.

Kesho yake jioni, wakati wa kuita majina, askari 1,117 kati ya 1,544 walitoka vituoni. Francis Russell, ambaye kitabu chake A City in Terror cha mwaka 1975 ndicho ninachokifuata zaidi hapa, ameusimulia usiku huo kwa kirefu. Kamari ya dadu ilichezwa hadharani kwenye bustani ya Boston Common. Halafu vioo vya maduka vikaanza kuvunjwa na bidhaa kubebwa. Waliitwa askari wa akiba wa jimbo wapatao 5,000, na hadi utulivu uliporudi watu tisa walikuwa wamekufa.

Gavana Calvin Coolidge, aliyekuwa amejiweka kando mambo yalipokuwa bado yanatengenezeka, ndiye aliyeondoka na sifa. Alimpelekea telegramu Samuel Gompers wa AFL kwamba hakuna mwenye haki ya kugoma dhidi ya usalama wa umma, awe nani, popote, wakati wowote. Mwaka 1920 alichaguliwa makamu wa rais, na 1923 akawa rais. Binafsi naona sifa hiyo aliipata kwa bei rahisi mno.

Wagomaji walitaka kurudi kazini siku chache tu baadaye. Curtis alikataa. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imekwisha na mji umejaa wanajeshi wa zamani wasio na ajira, kwa hiyo watu wa kuchukua nafasi zao hawakukosekana. Na bado makurutu hao walipewa mshahara wa kuanzia wa dola 1,400 kwa mwaka, pensheni, na sare za bure. Fedha walizonyimwa waliogoma zilipatikana kabla ya Krismasi! Washona nguo wa chama cha wafanyakazi waligoma kuwashonea sare, makurutu wakaingia zamu na nguo za nyumbani. Hatimaye walifika 1,574.

Waliofukuzwa hawakurudishwa kamwe. Uingereza nako, polisi waliogoma London na Liverpool mwaka huohuo walifukuzwa wote. Polisi wa Boston waliunda chama kingine mwaka 1965.

Hapa Kenya nako, Katiba ya 2010, katika ibara ya 24, inaruhusu sheria kuwabana polisi haki za kazi ambazo wafanyakazi wengine wanazo, ikiwemo ya kugoma. Novemba 2023 jopokazi la jaji mkuu mstaafu David Maraga lilipendekeza mishahara yao ipandishwe hadi kwa asilimia 40. Wabunge wanapopitisha bajeti, wasihesabu urefu wa foleni uwanjani. Waulize konstebo aliyekwisha kuajiriwa anabakiwa na shilingi ngapi baada ya kulipa kodi ya nyumba na karo.