Mkate Usiotaka Kisu

Mkate wa vitunguu saumu ninaooka hapa chumbani humegwa kwa mkono. Madonge madogo ya unga wa ngano uliotiwa hamira huchovywa kwenye siagi yenye saumu iliyopondwa, hupangwa yakigusana, huachwa yaumuke tena, ndipo huokwa. Siagi ndiyo inayoyazuia yasigandamane kabisa.

Upangaji huu una wenyewe. Hungaria wana aranygaluska, yaani madonge ya dhahabu, ila yao ni matamu: siagi, sukari na jozi zilizosagwa. Wahamiaji, wakiwemo Wayahudi wa Hungaria, waliyapeleka Marekani. Mwaka 1972 kitabu cha mapishi cha Betty Crocker kiliyaita keki ya kahawa ya Kihungaria; angalau kwao kulitajwa. Miaka ya 1980 Nancy Reagan akaupakua mkate wa namna hiyo Ikulu wakati wa Krismasi, na jina lililovuma ni mkate wa nyani. Nyani, jamani!

Saumu ilipita mlango mwingine. Waitalia husugua saumu kwenye mkate uliochomwa, kisha hutia mafuta ya zeituni. Marekani siagi ikashika nafasi ya zeituni.

Mimi nasomea shahada ya uzamili katika historia, na tasnifu yangu inahusu wahamiaji, kwa hiyo suala la majina linanikera kuliko linavyowakera wenzangu wanaokula. Mapishi niliyoanzia hayakutaja Mhungaria wala Mwitalia. Kwenye daftari langu nimeyaandika upya: aranygaluska ya saumu.