Kuvumbua na Kubuni: Historia ya Maana

Kitenzi cha Kiingereza invent asili yake ni Kilatini invenire, yaani kukuta au kupata. Kilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 15, maana hiyo ilikuwa ingali hai. Ushahidi wake ulidumu katika kalenda ya Kanisa Katoliki: sikukuu ya tarehe 3 Mei, iliyoondolewa katika kalenda ya jumla mwaka 1960, iliitwa Inventio Sanctae Crucis, Kupatikana kwa Msalaba Mtakatifu. Hakuna aliyedhani kwamba Mtakatifu Helena aliutengeneza msalaba huo. Baadaye maana ya kukuta ilififia, ikashika nafasi ile ya kuleta kitu ambacho hakikuwapo, na kando yake ile ya kutunga uongo.

Kiswahili kimezigawa maana hizi. Kuvumbua ni kufichua kilichofichika. Kubuni, kutokana na Kiarabu banā, kujenga, ni kukipa kitu umbo akilini kwanza. Kuzua, ambako kwa asili ni kutoboa tundu, kumebeba lawama: ndiko kulikozaa mzushi na uzushi, neno ambalo wanazuoni wa pwani hulitumia kufasiri bid'a.

Mgawanyo huu umevurugwa na mazoea ya kutafsiri. Husemwa kwamba James Watt alivumbua injini ya mvuke, na kwamba Speke alivumbua Ziwa Nyanza mwaka 1858. Kauli ya kwanza ina makosa mawili. Injini haikuwa imefichwa mahali. Tena ile ya Thomas Newcomen ilifanya kazi tangu 1712, naye Watt alibuni chombo cha pekee cha kupozea mvuke, akakipatia hataza mwaka 1769.

Kauli ya pili ni nzito zaidi. Mwanafunzi Mjaluo wa Ogwedhi, Migori, ambaye wazee wake huliita ziwa hilo Nam Lolwe, huambiwa kwamba lilikuwa limefichika. Limefichika kwa nani? Lugha yake ina fwenyo kwa kufichua na chweyo kwa kuumba. Haimlazimishi kuchanganya mambo hayo mawili.

Yawezekana kupinga kwamba matumizi ndiyo sheria, na kwamba invent yenyewe ilisafiri njia hiyo hiyo, kutoka kupata hadi kuunda. Ni kweli. Lakini maana ya zamani ilipoondoka, Kiingereza kilikuwa na discover cha kuipokea. Kuvumbua kwa Kiswahili kumepewa maana mpya bila ya kuiacha ya zamani, hata msomaji hajui kama kitu kilipatikana au kiliundwa.

Yafaa basi kubuni kuachiwe kisichokuwapo, na kuvumbua kilichofichika kweli. Ama Speke, inatosha kusema kwamba ndiye Mzungu wa kwanza anayejulikana kuliona ziwa hilo. Kauli hiyo haimpunguzii chochote alichokifanya, wala haiwafuti waliomwonyesha njia.